Vifungo Vilikuwa Vyangu

Zaituni wangu,

Usicheke mwandiko. Mkono huu umezoea mkasi, na kalamu naishika kama sindano, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Umeenda Namatala kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua shangazi yako na maneno yake, hutarudi kabla ya magharibi. Basi nimefunga mlango wa mbele, nimesukuma vitambaa pembeni mwa meza ya kukatia, nimekaa. Adhana ya alasiri imepita sasa hivi. Nikiacha mpaka kesho nitapata kisingizio kingine, na visingizio ninavyo, nimevifuga miaka ishirini.

Sitakuandikia habari za sala, wala kuchemsha maji ya kunywa, wala kutopanda boda boda mkiwa watatu. Hayo umeyasikia mpaka unanijibu kabla sijamaliza. Nataka tuzungumze juu ya neno ulilosema juzi ukikunja nguo zako. Nilikwambia mama Apio amekusafishia chumba nyumbani kwake Mpumudde, kule Jinja, ameweka na pazia jipya. Ukasema, "Mama, kazi ya midoli nitafanya naye, lakini kulala kwake hapana. Siwezi kulala kwa watu ambao watoto wao nusura waniue."

Nilikuwa na pasi mkononi. Nikaendelea kupiga nguo ileile mpaka ikaanza kunuka. Ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Kile kifungo kilichokukaba ulipokuwa na miezi kumi hakikutoka kwa watoto wa mama Apio. Kilikuwa changu. Nilikishona kwa mikono yangu mwenyewe kwenye uso wa mdoli wako, na nilikiona kizuri ajabu. Haya, nimeandika. Sasa nipe nafasi nikueleze, halafu unikasirikie ukiwa unajua unakasirikia nini.

Mwaka ule serikali ilipoanguka, askari walipita hapa Mbale wakikimbia. Baba yako alikuwa amekwama ng'ambo ya mpaka, Kenya, alikokwenda kutafuta bidhaa, na mimi nilikuwa hapa Namakwekwe na wewe mgongoni na cherehani moja. Askari anayekimbia haulizi chakula kwanza. Anataka nguo ya raia. Mafundi wote wa nguo tuliwaona. Wanaingia, wanavua magwanda palepale, wanasema, "Mama, leta kanzu. Leta suruali yoyote." Niligawa nguo za wateja, wallahi. Mmoja aliondoka amevaa gomesi ya harusi, vazi la kike la mteja wangu, na ilimkaa vizuri kuliko mwenyewe.

Magwanda waliyoyaacha niliyakata vipande nikayachoma jikoni, kwa sababu jeshi jipya lilikuwa likipita nyumba kwa nyumba kutafuta vitu vya jeshi la zamani, na aliyekutwa navyo alichukuliwa. Lakini vifungo sikuvitupa. Vilikuwa vya shaba, vizito, vinang'aa, na mjini kote hapakuwa na duka lenye kifungo hata cha kuazima. Nionyeshe fundi anayetupa kifungo! Nikavikata vyote, nikakwangua nembo kwa tupa, nikavificha ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Maduka yalikuwa yamevunjwa. Sabuni hakuna, sukari hakuna, seuze kitu cha kuchezea mtoto. Watoto wakubwa walikusanya maganda ya risasi barabarani, wakayapuliza kama filimbi. Mimi nikaapa kwamba mwanangu hatachezea mabaki ya vita. Nikakushonea mdoli wa kitenge, nikamjaza sufi, nikamsuka nywele za uzi. Nilipofika kwenye macho, uzi mweusi ulikuwa umekwisha. Nikakumbuka kopo. Basi ona mambo yangu: niliyeapa ndiye niliyeyashona mabaki ya vita usoni kwa mdoli, tena mawili.

Yalimetameta. Ulicheka ulipomwona, ukapiga makofi. Nje sikuthubutu kumtoa, kwa hiyo nilijisifu peke yangu humu ndani. Nilikuwa fundi wa miaka kumi, na bado sikufikiria jambo ambalo fundi wa wiki moja angelijua. Kifungo cha shaba kina kishikio cha waya nyuma, na waya hula uzi polepole kila kinapovutwa. Wewe ulikuwa na meno manne na kazi moja tu duniani, kuvuta na kutafuna. Mimi nilishona macho ya kunipendeza mimi, na mtoto wa umri ule hatazami kitu kwa macho, anakitazama kwa mdomo. Kama kuna jambo moja nataka uende nalo Jinja, ni hilo. Unapotengeneza kitu cha mtoto, weka kando macho yako na ukifikirie kwa mdomo wake.

Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nakanyaga cherehani, wewe mkekani nyuma yangu. Ukanyamaza. Na mimi, astaghfirullah, nilifurahi kwamba umetulia, nikamaliza mshono niliokuwa nao. Nilipogeuka ulikuwa umefungua mdomo na hakuna sauti inayotoka. Mikono inakamata hewa. Midomo inageuka rangi. Nikaingiza kidole, nikakigusa kifungo, na kwa haraka yangu nikakisukuma ndani zaidi. Hilo lilikuwa kosa langu la pili siku ile, na ndilo linalonitetemesha mpaka leo. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, Zaituni. Waambie wamama hivyo kila unapowauzia.

Nikatoka uani napiga mayowe. Kwenye vyumba vya nyuma alikuwa amepanga mama Apio, mke wa askari wa magereza, mtu wa kaskazini, Mkristo, na mabinti zake pacha, Apio na Acen, wa miaka sita. Tulikuwa tumekaa ua mmoja karibu mwaka, na sikuwahi kumsalimu zaidi ya kutikisa kichwa. Tulimwogopa kwa sababu ya Kiswahili chake. Sisi tulikisema nyumbani tangu bibi yako alipokuja nacho kutoka Kenya, lakini chake kilikuwa cha kambini, na cha kambini tulikijua kwa "kaa chini" na "toa kitambulisho." Yeye hata akiomba chumvi alisikika kama anakamata mtu.

"Leta huyu mtoto!" alisema. "Leta mbio! Wewe, toa mkono kwa mdomo yake!"

Alikunyang'anya. Hakuniomba. Akakulaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kimeinama chini kuliko mwili, taya lako ameshika vidoleni, akakupiga katikati ya mabega kwa kiganja. Moja. Mbili. "Iko kwa koo, itatoka," akasema, hakuwa ananiambia mimi, alikuwa anakuambia wewe. Tatu. Nne. Ya tano kifungo kikaanguka kwenye saruji kikalia, na wewe ukalia baada yake. Loo! Kabla ya kuolewa mama Apio alikuwa amesaidia wakunga kwao, ndiko alikojifunza, lakini hayo niliyajua baadaye sana.

Akakuleta ndani akulaze. Ndipo alipomwona mdoli mkekani, ana jicho moja. Akamtazama mdoli, akanitazama mimi. Akasema tu, "Toa hata hii ingine," akatoka.

Sasa ndiyo sehemu niliyoikimbia miaka yote. Uani watu walikuwa wamejaa, na kifungo kilikuwa mkononi mwa jirani mmoja, kinazungushwa. "Hiki si cha askari? Kimetoka wapi?" Nikaona nyumba yangu ikipekuliwa, kopo likitolewa chini ya kitanda. Lakini nisikudanganye tena kwa kusema ilikuwa hofu peke yake. Ilikuwa aibu. Fundi ninayesifiwa mtaa mzima, nimemtilia mwanangu kifungo kooni. Nikafungua mdomo nikasema, "Labda ni cha watoto wa magereza."

Labda, nilisema. Mpaka adhuhuri neno hilo lilikuwa limekwisha kuanguka njiani, na mtaa mzima ulijua kwamba watoto wa mama Apio walikulisha kifungo cha baba yao. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuja kukaa nasi, akaamini nilichosema, akakipamba, akakulea nacho. Wale pacha wakafukuzwa kwenye kila uwanja. Siku moja walikuja mlangoni wameshikana mikono, wanataka kukuona kama umepona. Bibi akawafungia mlango usoni. Mimi nilikuwa ndani, nikaendelea kukanyaga cherehani.

Na mama Apio alisikia yote. Mdoli alimwona kwa macho yake. Neno moja kwa doria iliyokuwa inapita, na mimi ningechukuliwa siku hiyohiyo. Hakulisema. Baada ya miezi michache mume wake alihamishiwa Jinja, wakafunga mizigo, na mimi nikajificha nyuma ya pazia mpaka gari likaondoka.

Nilitumbukiza kopo na vifungo vyake chooni. Ungefikiri mtu akifanya hivyo anapumua. Wapi! Kila fundi Namakwekwe alikuwa na kopo kama langu, Zaituni. Kila mmoja alikuwa na mtoto au mjukuu. Kama ningesema ukweli uani siku ile, mafundi wote wangeenda nyumbani kuangalia vyao wamevishona wapi. Uongo wangu haukuwaumiza wale pacha tu, uliwaacha watoto wa watu hatarini bila mama zao kujua. Mungu alituhifadhi, sikusikia mwingine aliyekabwa. Lakini nilikuwa nasubiri kusikia, kila siku.

Ndipo nikaanza kushona kwa hasira. Macho ya uzi mtupu, mshono juu ya mshono, mpaka ukivuta unavuta uso mzima. Nikachukua kikombe cha kahawa cha baba yako, kile kidogo kisicho na mkono, nikasema kinachoingia chote humu hakimgusi mtoto wa chini ya miaka mitatu. Baba yako aliporudi akakikuta kina vipande vya mbao na gololi, akauliza kahawa atanywea nini. Nikamwambia anywee bakuli. Kamba inayoweza kuzunguka shingo niliikata. Seremala aliniletea vigari vizuri, vimepakwa rangi iliyobaki ya malori, nikavirudisha, kwa sababu nilijua vitalambwa. Alininunia mwezi mzima, kisha akavileta vimepigwa msasa tu, mbao tupu, na vilikuwa vizuri zaidi.

Ulipofika miaka minne nikapiga moyo konde, nikachukua midoli miwili, nikaenda Jinja. Mpumudde sikuijua, mtu wa boda boda alinizungusha mpaka tukampata, anafagia. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Nilipofungua mdomo akasema, "Kwanza kaa. Kunywa maji." Nikanywa, nikasema yote nikiwa natazama ndala zangu.

"Mimi nilijua," akasema.

"Kwa nini hukusema? Watoto wako walifukuzwa, mama Apio. Neno moja tu."

"Mimi ningesema, hao watu wangechukua wewe. Sasa nani angenyonyesha ile mtoto?"

Nililia, mwanangu. Nililia mpaka majirani wakachungulia. Yeye akanisubiri nimalize, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wangu akatoa mdoli, akaweka jicho katikati ya meno na kuvuta, shingo imekaza kama mtu anayenyofoa nyama mfupani. Jicho halikusogea. Akavuta tena. Akamgeuza, akavuta mikono, akatazama mishono kwenye mwanga. "Hii sasa ni kitu ya mtoto," akasema. "Leta ingine kumi." Biashara yetu yote unayoiona ilianza na meno ya mama Apio. Mpaka leo mdoli asiyepita mdomoni mwake haendi kwa mtoto wa mtu, na sasa meno yamepungua ndiyo maana anakuhitaji.

Aliniomba jambo moja tu. "Siku moja ambia Zaituni. Mimi siwezi, mimi si mama yake. Na hao watu ya kule, ambia." Nikasema nitasema. Hiyo ni miaka kumi na sita, na wewe kila anapokuja hapa unakataa hata kunywa chai naye, anainywa peke yake.

Usifikiri nakuandikia niomboleze. Tumeshinda, Zaituni! Nataka ulisome hilo kwa sauti. Katika mji ambao watoto walichezea maganda ya risasi, leo siku ya chanjo ukipita mbele ya kliniki, hapa na kule Jinja, utahesabu midoli yetu migongoni mwa wamama mpaka uchoke. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishwa na jicho pungufu. Hata mmoja.

Na mimi niliyekuwa natetemeka nikisikia buti, nilimkatalia afande. Ulikuwa shuleni. Aliingia na bunduki begani, akaelekeza kidole kwenye gari la mbao lenye magurudumu ya kuchomeka. "Hii."

"Mtoto ana umri gani, afande?"

"Miezi nne."

"Basi hili si lake. Magurudumu yanachomoka, yatamkaba. Chukua huu mpira wa kitambaa."

"Mama, mimi nimesema hii."

Nikauweka mpira mezani mbele yake, nikasema, "Na mimi nimesema hapana. Gari njoo uchukue akifika miaka mitatu. Nitamwekea." Fundi niliyekuwa namfundisha akaanza kusoma kalima pembeni, namsikia. Kisha yule afande akacheka mpaka bunduki ikatikisika. "Wewe mama iko kali!" Akachukua mpira. Na miaka mitatu ilipopita, naapa, alirudi amemshika mtoto mkono, akasema, "Nimeleta mwenye gari." Nilimpa kwa mikono miwili.

Utakutana na wengine wagumu kuliko afande. Watakuja akina mama wanaotaka kitu cha mtoto wa miaka mitano wampe wa mwaka mmoja, ili jirani aone mtoto ana akili. Watakuja akina baba wenye vitu vya kupiga kelele vya kuziba masikio. Wakatalie, lakini usiwaaibishe. Hili nalisema kwa sababu nimelilipia. Mama akiletewa aibu mbele ya watu ataficha, na akificha, mtoto wa jirani yake atapatwa na lilelile. Akikujia mmoja akakwambia mwanawe amekabwa na kitu, usimuulize alikuwa wapi. Muulize mtoto anaendeleaje, kisha mwonyeshe kikombe cha kahawa. Mwonyeshe na jinsi ya kumlaza mtoto mkononi, kichwa chini. Mafunzo hayo mama Apio atakupa, ni mwalimu mkali, atakupigia kelele. Kelele zake usiziogope kama nilivyoziogopa mimi.

Kuhusu chumba, sitakulazimisha. Ukitaka kupanga kwingine, panga. Lakini ujue unayemkimbia ni nani.

Kesho asubuhi majirani wanakuja kukuombea dua kabla ya safari. Unadhani ni dua tu. Nimewaita mmoja mmoja wote waliokuwepo uani siku ile na bado wako hai, hata yule aliyekishika kifungo mkononi. Mama Apio anakuja pia, na gari la kwanza kutoka Jinja. Apio na Acen nao wanakuja naye, wana watoto wao sasa. Dua ikiisha nitasimama, niseme mbele yao wote nililolifanya, bila kutafuna maneno. Sauti yangu unaijua, haihitaji kipaza sauti. Nitasema wewe uko hai kwa mkono wa mwanamke huyu, na kwamba wanawe walibeba uongo wangu. Miaka ishirini nimeogopa saa hiyo, na leo, ajabu, naisubiri kama siku ya Idi.

Wewe nakuomba jambo moja. Nitakapokuwa nasema, usije kusimama upande wangu kunishika mkono. Nenda ukasimame karibu naye.

Mama yako,
Hadija